Siku Tulipokula Majogoo wa Damu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufagio, ndoo na banda la kuku. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na shule ikaishia hapo, kwa sababu mama alimfuata baba kaburini upesi, na nyuma yangu walikuwepo wadogo watatu. Kazi ilikuwa ya mhudumu katika maabara ya mifugo hapa Dodoma mjini: kufagia, kuosha vyombo vya kioo, kuchemsha maji. Aliyenipokea ni Fundi Sanifu Mkuu, Mrangi wa milima ya Kondoa, mrefu, mwenye kofia nyeupe aliyofumiwa na mkewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hapa usiniite mzee, niite Fundi. Umewahi kufuga kuku?"

"Nyumbani tunao."

"Basi wasahau hao wa nyumbani. Hawa ni watumishi kama mimi na wewe, ila wao hawaendi likizo."

Tuliwaita kuku wa damu. Kila tulipotaka kupima ugonjwa wa ndege, Fundi alimshika mmoja, akatafuta mshipa chini ya bawa, akavuta damu kidogo kwa sindano na kumrudisha bandani akiwa mzima. Damu ile ilioshwa kwa maji ya chumvi mpaka zikabaki chembe nyekundu peke yake. Masharti yao yalikuwa matatu. Wasichanjwe kamwe, kwa sababu damu ya kuku aliyechanjwa inaweza kukudanganya kwenye kipimo. Wasikutane na kuku wa nje. Na wasiliwe. Hili la tatu Fundi alilitamka huku akicheka, kama mtu anayetaja jambo lisilowezekana.

Nyumbani nako kulikuwa na kuku, na sina budi kuwaeleza habari zao. Baba alipofariki, ndugu zake waligawana ng'ombe. Mama alipofariki waligawana mbuzi, kinu, hata mlango wa mbao. Kuku hakuna aliyewataja. Kwetu Ugogo wanaume wanaweza kukaa kikao kutwa nzima kwa ajili ya ndama mmoja, lakini kuku ni mambo ya wanawake, hawaingii kikaoni. Basi wakabaki. Walikuwa wa aina ya kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, wanaostahimili jua letu na kutaga hata mwaka wa njaa. Mama alikuwa amewatoa kwa mama yake.

Wale ndugu walitaka kutugawana na sisi pia, huyu Mpwapwa, yule Manyoni. Nilikataa. Baba mdogo akaniuliza, "Utawalisha nini?" Nikamwambia, "Mayai." Aliondoka akisonya, lakini tulikaa pamoja. Mshahara wangu ulikuwa mdogo, na mayai ya wale kuku ndiyo yaliyojaza pengo mpaka wadogo zangu wakakua. Sechelela, anayenifuata, alipoolewa kijiji kimoja upande wa Hombolo, tulimfungia kuku kwenye tenga akaondoka nao, kwa kuwa mimi mjini sikuwa na ua. Nilimwambia, "Hawa ndio urithi wetu wote. Usije ukawamaliza kwa wageni." Akajibu, "Dada, wageni wangu watakula mlenda." Na alisimamia neno lake.

Turudi kazini. Fundi alikuwa na tabia ya kufundisha huku mikono ikiendelea na kazi, bila kukutazama, na hakujali kama aliye mbele yake ni daktari au mfagiaji. Ugonjwa tulioupambania zaidi ulikuwa kideri, ambao wengine wanauita mdondo.

"Kirusi hakina miguu wala mbawa," aliniambia. "Kikiwa peke yake ni kama mbigili iliyolala njiani. Haikufuati. Inasubiri mguu upite."

Alieleza kwamba juu ya ngozi ya kila seli ya kuku kuna vijitawi vya sukari, vidogo kiasi kwamba hata darubini yetu haikuvifikia. Kirusi cha kideri kina vishikio vinavyoafikiana na ile sukari. Kinapogusa, kinanasa. Kunasa ndiyo hatua ya kwanza, na peke yake haimuui kuku. Hatua ya pili ni kuipasua ngozi ya seli ili kiingie ndani, na kwa hiyo kinacho chombo kama kisu cha kukunja. Ajabu yake, kirusi hakiwezi kukikunjua kisu chake chenyewe. Kinategemea vimeng'enya vya mwili wa kuku, yaani vile vichocheo vinavyokatakata vitu mwilini, vikikunjue.

"Sasa hapo ndipo tofauti ilipo," alisema Fundi. "Kuna kideri kipole, ambacho kisu chake kinakunjuliwa na vimeng'enya vya kwenye koo na utumbo tu. Kuku anapiga chafya, anaendelea kuchakura. Na kuna kideri kikali. Hicho kisu chake kinakunjuliwa mahali popote mwilini. Kinaingia kwenye damu, kinapita moyoni, kinafika kwenye ubongo na neva."

Seli za neva ni ndefu kama nyuzi. Ndizo zinazochukua amri kutoka ubongoni kwenda shingoni, kwenye bawa, kwenye mguu. Kirusi kikiingia humo na kuanza kuzaana, amri zinapotea njiani. Ubongo unasema tazama mbele, shingo inapinda nyuma. Ndiyo maana kuku mwenye kideri anazunguka mahali pamoja, anadonoa hewa huku punje iko miguuni pake.

"Na anayepona?" nilimuuliza.

"Ngozi ikichanika inaota. Seli ya neva ikifa haioti. Anayepona anaweza kubaki na shingo yake hivyo hivyo maisha yote."

Halafu akanionyesha kwa nini tulihitaji kuku wa damu. Chembe nyekundu za damu nazo zina sukari ile ile ya nje. Kirusi kinazinasa kama kinavyonasa neva. Neva huwezi kuiweka kwenye kisahani ukaitazama kwa macho, lakini damu unaweza. Nilipoelewa hilo nilianza kuwaheshimu wale kuku kwa namna nyingine, na banda lao likawa safi kuliko chumba changu.

Baada ya miaka kadhaa nilipelekwa Mvumi kusaidia kampeni ya chanjo chini ya Bwana Mifugo wa huko, mtu mnene, mcheshi, aliyeamka mapema kuliko jogoo. Kuku wa kienyeji huwezi kuwapata mchana, kwa hiyo tulifika nyumbani kwa watu alfajiri, kabla hawajafunguliwa. Chanjo yetu ilikuwa ya tone la jicho. Ndani ya kichupa mlikuwa na kirusi hai cha kile kideri kipole, kinachonasa njia ya hewa na kuufundisha mwili kupigana, bila kufika kwenye neva. Kichupa tulikizungushia kitambaa kilicholoa maji ili kisipate joto.

Baadaye tulihamia Mlali. Huko mzee mmoja alituletea tetea wake na kusema, "Huyu macho yake hayaoni vizuri, mtilieni mawili." Bwana Mifugo hakucheka. Alimjibu kwa adabu, "Baba, hii dawa haitibu macho. Jicho ni mlango tu, mgonjwa tunayemlinda yuko ndani." Wengine walituambia tunaleta ugonjwa kwenye chupa. Kwa kweli hawakukosea sana, na Bwana Mifugo alinikataza kuwabishia. "Waambie ndiyo," alisema, "lakini tumeuleta ukiwa hauna makali."

Chanjo ile hudumu kama miezi minne, kisha lazima irudiwe. Vifaranga wanaoanguliwa katikati wanabaki wazi. Lishikeni hili, kwa sababu ndilo lililotufikisha pabaya.

Nilirudishwa maabara wakati wa ile hofu ya mafua makali ya ndege. Redio ilikuwa haisemi kingine. Kirusi cha mafua yale nacho kinanasa sukari, nacho kikiwa kikali kinakunjuliwa kisu popote na kufika kwenye neva. Kuku anapinda shingo vile vile. Kwa macho huwezi kutofautisha. Maagizo tuliyopewa yalikuwa kwamba penye kideri watu wachanje walio wazima, lakini kipimo kikionyesha mafua, kuku wote wa kijiji, wagonjwa na wazima, wateketezwe.

Asubuhi moja simu ya ofisini ikalia. Alikuwa Sechelela, ameazima simu ya jirani.

"Dada, vifaranga wanakufa. Kwa Mama Yona wamekufa wote, wakubwa na wadogo. Walio hai kwa majirani wengine wamepinda shingo, wanatazama juu kama wanasubiri mvua."

"Na wa mama?"

"Wakubwa wamesimama. Uliwachanja mwenyewe. Lakini Mtendaji wa kijiji amepita, anasema wakisema ni mafua atachimba shimo, na hatachagua. Dada, hata hawa waliosimama?"

"Hata hao."

Halafu akasema, "Basi pimeni vizuri."

Sampuli za kuku waliokufa zililetwa, Fundi akaziotesha ndani ya mayai yenye viinitete kama ilivyo kawaida, kwa sababu kirusi hakikui ila ndani ya kitu kilicho hai. Makao makuu yakamtuma Daktari Mkaguzi aje na seramu, yaani majimaji ya damu yenye kinga dhidi ya kideri. Ndiyo ingetupa jibu.

Mkuu wa Kituo chetu alikuwa mtu wa Singida, mkarimu hadi mwisho. Mkaguzi alichelewa njiani, akafika mchana wa Jumapili, soko la kuku likiwa limekwisha. Mkuu akamwita Mama Neema, mpishi wetu wa muda, na kumwambia maneno haya niliyoyasikia kwa masikio yangu: "Mgeni kutoka makao makuu asile maharage." Kisha nikaenda kuchemsha vifaa, sikujua kilichofuata.

Tuliitwa mezani. Palikuwa na wali, supu na nyama ya kutosha. Firigisi ilikuwa kwenye sahani ya Mkaguzi, kama inavyostahili mgeni. Fundi alisema atakula baadaye, avute damu kwanza. Alirudi na sindano mkononi, tupu.

"Majogoo wangu wako wapi?"

Wakati ule tulikuwa tumebakiwa na majogoo wawili tu wa damu, tukisubiri wengine wakue. Mama Neema alikuwa anaongeza mchuzi.

"Majogoo gani, Fundi? Si ndio hao mnaokula?"

Hakuna aliyetafuna. Mkaguzi alikuwa na paja mkononi. Aliliweka chini polepole, akafuta vidole.

"Kumbe nimekula kipimo," alisema.

"Mama Neema!" Mkuu akapaza sauti. "Wale ni kuku wa serikali!"

"Na mgeni si wa serikali?" Mama Neema akajibu. "Nimetafuta mtaa mzima. Nimerudi nimewakuta wamenona, wamekaa bure. Nikasema Mungu ametuona."

Fundi aliketi, akashika kichwa, na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, akacheka mpaka Mkaguzi naye akashindwa kujizuia. Mimi ndiye sikuweza. Niliona shimo la Mtendaji. Mkaguzi alipaswa kuondoka kesho yake na jibu, na Mtendaji alikwisha sema kwamba jibu likichelewa hatasubiri ugonjwa uvuke bwawa la Hombolo.

"Tuchukue kuku yeyote wa jirani," Mkuu akapendekeza.

Fundi akatikisa kichwa. "Mtaa mzima umechanjwa. Na aliyewachanja ni huyu," akaninyooshea kidole. "Nipe damu ambayo haijawahi kukutana na kideri, kiwe kikali au kipole. Siwezi kupeleka jibu la kuteketeza kuku wa watu kwa damu nisiyoiamini."

Hapo nikamkumbuka Mzee Salimu. Alikuwa mfanyabiashara wa siku nyingi nyuma ya msikiti, babu zake walifika na misafara ya zamani. Kuku wake aliwafuga ndani ya ua wenye kuta ndefu, hawatoki, haingizi wageni, na kila mwaka alinifukuza mlangoni na kichupa changu. Nilitembea haraka mpaka kwake.

"Shikamoo, Mzee Salimu."

"Marahaba. Rudi ulikotoka. Kuku wangu hawatiwi dawa."

"Mzee, leo nimekuja kuushukuru ubishi wako."

Akafungua mlango nusu. Nilimweleza yote, kuku wa mama, shimo, majogoo walioliwa. Nilipofika kwenye majogoo aliniomba nirudie.

"Mpishi kachinja kipimo?"

"Kachinja, mzee."

"Na Mkaguzi kala?"

"Hadi firigisi."

Alicheka akikohoa. Kisha uso ukabadilika. "Damu ni haramu, binti. Mtaifanyia nini?"

"Hatuli wala hatunywi. Inaoshwa, inawekwa kwenye kisahani, inatuonyesha kirusi. Basi. Na kuku wako anabaki hai."

"Miaka yote unaniambia kuku asiyechanjwa ni hasara."

"Na bado nasema hivyo."

"Lakini leo unamtaka."

"Namtaka, mzee. Tafadhali."

Akamwita mkewe alete kuku. Nilimwita Fundi, na alipofika na vifaa vyake, Mzee Salimu alikataa mtu mwingine kumshika. Alimshika mwenyewe kifuani, akamfunika macho kwa kiganja, akasema Bismillahi, na Fundi akavuta damu chini ya bawa.

Tulirudi maabara. Fundi aliziosha zile chembe, akaziweka kwanza kwenye maji ya chumvi matupu kuona kama zinatulia kwa uaminifu. Zikatulia. Mkuu akasema labda mimi nitoke, kwa kuwa jambo linahusu ndugu zangu. Fundi akajibu bila kuinua uso, "Akae. Ila mikono nyuma." Nikaweka mikono nyuma.

Kisahani kile kina vishimo vingi vidogo, na humo Fundi alitia majimaji ya yale mayai yaliyooteshewa kirusi, kisha chembe. Mahali ambapo kirusi kipo na kiko huru, kinazinasa chembe nyekundu na kuzishikanisha, zikatandaa kama mkeka mwembamba. Mahali ambapo hakipo, au kimezibwa vishikio, chembe zinashuka chini na kukusanyika kama kitone chekundu. Safu ya kwanza haikuwa na seramu. Ilitandaa mkeka. Maana yake kilikuwepo kitu chenye vishikio, lakini kitu gani, kideri au mafua, haikujulikana. Safu ya pili ilikuwa na seramu ya kideri aliyoleta Mkaguzi. Kama kirusi ni kideri, seramu ingekiziba, na chembe zingeshuka. Kama ni mafua, mkeka ungetandaa vile vile.

Tulisubiri kwa muda wa kutosha kunywa chai, na hakuna aliyekunywa chai. Mkaguzi alitembea dirishani na kurudi. Mama Neema alisimama mlangoni na kanga mdomoni, hakuna aliyemfukuza.

Fundi aliinua kisahani akakielekeza kwenye mwanga, kisha akakiinamisha. Hiyo ndiyo njia ya kuthibitisha, kwa sababu chembe zilizo huru huteremka na zilizonaswa hubaki zilipo. Safu ya kwanza haikusogea. Kwenye safu ya pili, vitone vilianza kuchuruzika kimoja baada ya kingine, vyembamba, kama machozi.

Mkaguzi akasogea, akatazama kwa muda mrefu, akaomba kurudia kwa kisahani kingine. Kikarudiwa. Vikachuruzika tena.

"Kideri," alisema.

"Kideri," akajibu Fundi.

Nilikimbilia simu. Jirani wa Sechelela alipokea, nikasikia akimwita, nikasikia hatua zake.

"Dada?"

"Ni kideri."

"Kideri tu?"

"Kideri tu. Mtendaji anapigiwa sasa hivi. Hakuna shimo."

Alipiga vigelegele palepale, na wanawake waliokuwa naye wakaitikia. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, na hiyo ndiyo siku pekee niliyosikia watu wakikishangilia kideri.

Kuku wa Mama Yona hawakurudi, wala wa nyumba nyingine nyingi. Lakini wale waliosimama waliachwa wasimame. Kwetu kuna desturi ya kumwazima jirani tetea wa mbegu: anakaa naye mpaka aangue, kisha anamrudisha pamoja na kifaranga mmoja. Sechelela aliwaazimisha wote, mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba. Mzee Salimu nilimpelekea habari mwenyewe, nikamwuliza kama sasa atakubali chanjo. Akanijibu, "Nikiwachanja, mkila tena kipimo mtakwenda kwa nani?"

Nimestaafu sasa. Fundi ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Mnaosomea kazi hii leo mna mashine zinazosoma kirusi hadi herufi zake za ndani, na jibu linapatikana kabla ya mchana. Nafurahi kwa ajili yenu. Naomba tu mkumbuke kwamba nyuma ya kila sampuli kuna mtu ameazima simu ya jirani. Nami nilisoma darasa la saba tu, ila nilibahatika kufanya kazi na watu waliofundisha huku mikono ikiendelea, na naona hiyo ilikuwa shule ya kutosha.

Kila inapofika zamu ya chanjo huwa nakwenda Hombolo siku moja kabla, nalala kwa mdogo wangu. Alfajiri tunazunguka nyumba za majirani na kichupa. Karibu kila ua una kuku wenye shingo wazi. Sechelela ananitania njiani, "Mstaafu gani huyu asiyelala?" Yeye anashika, mimi natia tone. Sasa macho yangu yamepungua nguvu, kwa hiyo yeye ndiye anayetazama kama tone limeingia, maana ukimwachia kuku kabla hajapepesa, tone linaanguka na kazi yote ni bure.

"Amepepesa?"

"Bado."

Tunasubiri, vichwa vimeinamiana juu ya kuku mmoja, kama tulivyokuwa tukiinamiana juu ya sufuria moja.

"Amepepesa, dada."

"Mwachie."